Jani Chini ya Chungu

Maramba,
19 Februari 2023

Mdogo wangu Wilfred,

Bwana Yesu asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Anastazia, na mguu wake umepata nafuu. Mimi nimerudi nyumbani tangu Jumatano. Wiki saba za kukaa Mabawa, Tanga mjini, kwa Brightness zilinitosha. Mwanangu ananipenda, lakini hunipa chipsi usiku halafu huniuliza kwa nini silali. Jicho la kulia limefunguka kabisa baada ya kusafishwa, la kushoto bado lina ukungu kidogo. Masikio ndiyo yamekwisha. Usihangaike kunipigia simu, naambulia mlio tu, na kumwomba mtu anisikilizie ni kumgawia habari zetu. Nitaandika, nawe uandike. Kuku watatu hawapo. Naambiwa ni kicheche, nami sijasema kitu.

Sasa sikia. Nimerudi na jicho jipya, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba Bi Saleha hachoti tena maji kisimani kwetu. Ananunua. Bodaboda inamletea madumu manne asubuhi, naye ana kisima hatua ishirini kutoka jikoni kwake.

Wewe uliondoka hapa kijana, labda umesahau tunavyoishi. Sisi tuko nyuma, wao wako mbele barabarani. Katikati ni bustani moja isiyo na ua, nusu yetu nusu yao, na hakuna aliyewahi kuipima kwa kamba. Mchicha wangu ukizidi anachuma yeye, bamia zake zikizidi nachuma mimi. Kisima kiko kwetu, njia ya kutokea barabarani iko kwao. Baba alikubaliana na baba mkwe wa Bi Saleha kwa mdomo tu: ninyi mchote, sisi tupite. Ni miaka arobaini na ushee sasa.

Ninavyomwona mimi, anayeacha maji yetu anataka asiwe na deni la kutupa njia. Mwanawe Yasini ameshusha fito na makuti nyuma ya nyumba. Nikimsalimu Bi Saleha anaitika vizuri, lakini mguu hauvuki. Ananitazama miguuni, si usoni.

Wapimaji wa urasimishaji wa viwanja walipokuja Januari wewe ndiye uliyesimama nao kwa niaba yangu. Mlizungumza nini na majirani hawa? Nieleze yote, hata unayoyaona madogo.

Dada yako,
Ruthi


Marangu,
11 Machi 2023

Dada Ruthi, shikamoo.

Barua yako ilikaa Moshi kwa wakala wa basi mpaka nikaifuata mwenyewe. Tunamshukuru Mungu kwa jicho lako. Huku mvua zimeanza kugusa, migomba imechangamka. Anastazia anatembea na fimbo, ila ulimi hauna fimbo, anakusalimu sana. Queen mwana wetu amepata kazi ya duka Himo.

Kuhusu majirani, usijisumbue. Upimaji ulikwenda salama, watu walisimama kwenye mipaka, karatasi zikajazwa, basi. Sina la kuongeza. Kama Bi Saleha hataki maji, mwache. Kisima ni chetu na hakuna anayelazimishwa kunywa. Ushauri wangu usiende kumuuliza, maana ukiuliza utaonekana una wasiwasi, na mwenye wasiwasi huonekana ana kosa. Wala usiende ofisi ya kitongoji, karatasi zikiwa tayari wataniita mimi.

Pumzisha macho, dada. Wakati mwingine mtu akianza kuona vizuri anaona na visivyokuwepo.

Je, Bi Saleha aliwahi kukuonyesha kitu chochote?

Ndugu yako,
Wilfred


Maramba,
2 Aprili 2023

Wilfred,

Marahaba. Mpe wifi pole, mwambie ulimi ndio uliomfikisha alipo na asiuache. Mpe Queen hongera.

Leo ni Jumapili ya Matawi na nimekwenda kanisani na tope mpaka magotini. Yasini amejenga ua. Ameuanza kwenye kona ya jiko lao akaupeleka mpaka mpapai, na njia yetu imebaki ndani. Hakuniambia. Nilimwona anafunga makuti, nikamuuliza, "Mwanangu, mimi nipite wapi?" Akasema, "Muulize mama, bibi, miye nimetumwa." Mama yake alikuwa ameingia ndani.

Kwa hiyo nimezungukia korongoni. Unalijua lile korongo. Nimeteleza, nimekaa chini na tawi langu la mnazi mkononi, na vijana wa kwaya wamenivuta kama gunia la mkaa. Mvua za masika zikikolea sitapita kabisa. Nitakuwa mtu wa kuletewa chumvi. Mtu akiniuliza ninaogopa nini, jibu ni hilo: kufungiwa uani kwangu mwenyewe mpaka nibebwe.

Tena ni mwezi wa Ramadhani. Kila Ramadhani tangu nimerudi kwenye nyumba hii ya baba, magharibi ikiingia Bi Saleha huniletea sahani ya kaimati au tambi, nami humrudishia sahani na ndizi ndani yake. Leo ni siku ya kumi, sahani haijaja. Sikujua kama kaimati zinaweza kumliza mtu mzima. Zimeniliza.

Kingine. Masale aliyopanda baba kando ya kisima, ile mimea ya majani marefu aliyoitoa huko Marangu, shina moja lina jani limekatwa. Halikuanguka lenyewe, limekatwa kwa kisu, na kovu limeshakauka, kwa hiyo ni la siku nyingi. Watu wa hapa hawana kazi na masale. Nimejiuliza Yasini analitakia nini.

Halafu nimelirudia swali lako. Anionyeshe kitu gani? Mtu asiyejua kuna kitu hawezi kuuliza kama kimeonyeshwa. Nijibu hilo kwanza.

Ruthi


Marangu,
24 Aprili 2023

Dada, shikamoo.

Pole kwa korongo na heri ya Pasaka iliyopita. Nimechelewa kwa sababu ya kahawa na vikao vya ukoo.

Swali lile nililiuliza tu. Usilitie maana.

Nimefikiri sana juu ya hali yako. Kwa nini usihamie Mabawa kwa Brightness moja kwa moja? Nyumba tungeweka mpangaji mwenye nguvu, anayeweza kusimama na Yasini. Umri wako si wa kugombana na makuti. Masale yaache, yanaota tena.

Anastazia anasema nikuandikie zaidi, lakini sina zaidi.

Wilfred


Maramba,
21 Mei 2023

Wilfred,

Marahaba. Sisi wazima. Kuku mmoja kati ya wale watatu amerudi na vifaranga sita, kwa hiyo kicheche nimemwomba radhi.

Nimekwenda ofisini. Ulinikataza, na ulivyonikataza ndivyo ulivyonielekeza. Mwenyekiti wa kitongoji, Yona, alinipa kiti akanifunulia fomu ya kiwanja chetu na mchoro wake. Jicho la kulia lilitosha.

Bustani yote imechorwa kwetu, Wilfred. Yote. Mstari umepita chini ya ukuta wa jiko la Bi Saleha, karibu kiasi kwamba akimwaga maji ya kuoshea mchele anamwaga kwenye kiwanja chetu. Njia imo humo. Bamia zake zimo humo. Chini kuna sahihi yako, na pembeni, mahali pa jirani aliyekubali mpaka, kuna alama ya dole gumba.

Unajua Bi Saleha anasoma Kurani vizuri kuliko mimi ninavyosoma Biblia, lakini herufi zetu hizi hakufundishwa. Na unajua kwamba hukuwa mgeni kwake. Ulikuwa kaka yake Ruthi.

Nilitoka hapo nikazunguka barabarani nikabisha hodi mlango wake wa mbele, ambao sikuwahi kuutumia maishani. Nilikwenda nikidhani nitamkuta na hasira ya bustani. Kumbe habari za fomu hana kabisa. Alinitazama miguuni tena, akasema, "Umepita wapi, Mama Brightness?" Nikamwambia nimepita barabarani. Akashusha pumzi, ndipo akanikaribisha.

Nikamuuliza kwa nini amenikimbia. Akanishika mkono akanipeleka mlango wa nyuma, unaotazama bustani, akanionyesha chungu kilichofunikwa kifudifudi kwenye ncha ya kizingiti. "Siku aliyoondoka nduguyo," akasema, "nimefungua mlango alfajiri nende kuchota maji ya udhu. Nikakikuta kilichofunikwa hapo. Hiyo kago ya waganga, mwenzangu. Mtu kaifunga njia ya kisimani nisiikanyage. Mwalimu kaja kasoma, kaifunika kwa chungu, kasema tusiiguse mpaka mwenyewe aje aiondoe. Yasini kanijengea ua ili nisiione njia hiyo kila nikifungua mlango."

Nikamwambia, "Miezi yote hii kwa nini hukuniuliza?"

"Nikuulizeje? Kama ni weye uliyetuma, si ningekuwa najipeleka?"

Akakiinua chungu kwa kijiti, yeye mwenyewe akiwa amejivuta nyuma. Chini yake kulikuwa na jani la sale, limekauka, limefungwa fundo.

Fundo lile nalijua. Baba alilifunga mara moja mbele ya macho yetu, alipomkosea mzee Elia, akatembea nalo mkononi mchana kweupe kambi nzima ya mkonge ikimtazama. Wewe na mimi tunajua kwa watu wetu jani hilo lina neno moja tu, kwamba nimekosa, nisamehe, na anayeletewa hawezi kulikataa hata kama kosa ni la damu. Lakini huku pwani kitu kilichofungwa fundo mlangoni kwa mtu ni kago au kibaya zaidi. Wamekuwa wakiruka msamaha wako miezi minne kama nyoka.

Sikumwambia kitu. Hilo nalo ulijue. Nilisimama pale nikasema nitafikiri, nikarudi kwa njia ya korongoni. Njiani nikafanya hesabu ambayo wewe uliifanya kabla yangu: nikinyamaza, karatasi zitoke, ua wa Yasini utavunjwa kwa amri na mimi nitapita mpaka nife. Nilikaa nalo wazo hilo jioni nzima na sikulichukia vya kutosha.

Kwa hiyo nakuuliza kwa maandishi, unijibu kwa maandishi. Ulifanya hivi kwa akili yako timamu? Na kama ulijua ni kosa mpaka ukakata jani, kwa nini hukuugonga ule mlango?

Ruthi


Marangu,
15 Juni 2023

Dada Ruthi,

Shikamoo. Anastazia ameisoma barua yako kabla yangu, kwa hiyo nyumba hii haina amani. Amenihamishia chumba cha mahindi.

Ndiyo, nilifanya. Wapimaji waliniuliza mpaka uko wapi. Nikatazama lile tope la korongo, nikakukumbuka ulivyo na macho yale, nikajiuliza Bi Saleha akifa na Yasini akauza kwa mtu wa Dar es Salaam, dada yangu atapita wapi. Neno la baba halina karatasi. Nilitaka kuonyesha njia tu. Kidole kikaenda mpaka jikoni. Yule kijana mwenye mashine akasema, "Hapa?" Nikasema hapo. Sijui nani alisema kwa mdomo wangu, ila mdomo ni wangu.

Kisha nikampelekea Bi Saleha karatasi. Alikuwa anachambua mchele. Hakuuliza. Alifuta dole kwenye kanga yake, akaweka, akaniambia nisubiri chai. Nikanywa chai yake, dada.

Nililala vibaya. Alfajiri basi lilikuwa linaondoka saa kumi na moja na nusu. Nikakata jani kwenye masale ya baba, nikafunga fundo, nikasimama mlangoni kwake. Nilisikia anakohoa ndani. Nikaliweka chini nikaondoka. Nilijiambia nimeshaomba. Miezi yote nimekuwa nikijiambia hivyo, na nikikukataza usiende kwake ili nisijue kama alilipokea.

Nilikuwa nakutafutia njia.

Wilfred


Maramba,
9 Julai 2023

Mdogo wangu Wilfred,

Marahaba. Mwambie wifi akurudishe chumbani, chumba cha mahindi kina vumbi na kifua chako nakijua. Asikurudishe haraka sana, lakini.

Nilipopata barua yako niliisoma mara mbili, nikavaa kitenge kizuri, nikaenda kwa Bi Saleha mchana watu wanatazama. Yasini alikuwepo. Nikakiinua chungu kwa mkono wangu, nikalichukua lile jani, nikalifungua fundo. Bi Saleha alinishika bega kunizuia. Nikamwambia, "Mama Yasini, hili halikufungi. Hili kwetu ni kuomba msamaha. Ndugu yangu aliliacha hapa na hakuwa na moyo wa kusema."

Uso ulimlegea, nikaona miezi yote ya maji ya kununua inamtoka. Hata Yasini alicheka kidogo, akasema, "Na mwalimu kala kuku wetu bure." Nilidhani kazi imekwisha.

Kisha Bi Saleha akaniuliza, "Kaomba msamaha wa nini?"

Hapo ndipo ulipaswa kuwa wewe. Nilisimama badala yako na jani limefunguka mkononi, nikaeleza mstari, jiko, bamia, dole. Nilieleza yote na sikukupunguzia. Niliongeza na langu, kwamba nimelijua jambo hili wiki nyingi nikanyamaza nikisubiri barua. Yasini alitoka nje. Mama yake aligeuza mkono akalitazama dole gumba lake, akalisugua kwenye kanga, kama lina wino bado. Kisha akasema, "Mpelekee salamu. Mwambie chai yangu ilikuwa ya bure."

Kesho yake Yasini alikata ua. Ameacha uwazi wa mtu mmoja, mimi na fimbo yangu tunatosha. Wala sikumwomba. Na Bi Saleha ameanza kuchota maji.

Lakini haji kama alivyokuwa akija. Zamani alikuwa anaingia anaimba, ndoo inagonga kisima kabla sijajua yupo, na mara nyingine ananifokea kwamba kamba imechakaa. Sasa anafika mwisho wa bamia zake anasimama. Anasimama na ndoo mkononi mpaka nitoke niseme karibu. Nikichelewa anasubiri. Juzi mvua ilimnyeshea hapo hapo, nami masikio haya hayakumsikia. Nilipotoka nikamkuta ameloa, nikasema ingia mwenzangu, hapa ni kwako. Akaniambia kwa upole kabisa, "Karatasi haisemi hivyo."

Sasa nakaa barazani kila asubuhi tangu saa kumi na mbili, nisimkose.

Fomu zimebandikwa ofisini kwa mapingamizi hadi tarehe thelathini na moja. Yona anasema mchoro utarekebishwa, ila aliyesaini lazima afike mwenyewe aseme mbele ya jirani kwamba alikosea, na njia na kisima viandikwe vyote viwili, ili na Yasini na mnunuzi wake wa Dar es Salaam wavikute. Njia uliyokuwa ukinitafutia ilikuwa hiyo, Wilfred, na ilikuwa wazi tangu Januari.

Basi la Tanga linatoka Moshi saa kumi na mbili. Ukifika hapa upite kwa mbele, ubishe hodi, usubiri akufungulie. Kiswahili anakijua.

Njoo. Jani usilete.

Dada yako,
Ruthi